Zulia la Nyasi Juu ya Reli za Baba

Chapuchapu, kama walivyomwita nyumbani tangu utotoni, alikuja kwa siku nne kumwangalia baba yake aliyefanyiwa upasuaji wa macho. Mzee, mshika bendera mstaafu wa reli, alikuwa amelala chumba cha pili, bandeji usoni. Sebuleni, juu ya meza, ulikaa ubao wa plaiwudi ambao juu yake alikusudia kujenga mfano wa stesheni yake ya zamani. Kando yake palikuwa na zulia la nyasi bandia, bado limeviringishwa.

Chapuchapu akaona hapo pana thawabu ya chee. Akapaka gundi nyeupe ubao mzima bila kuukagua, akatandaza zulia nyasi zikilalia upande mmoja, akabiringisha chupa juu yake kutoka katikati kwenda pembeni mpaka hewa yote ikatoka. Kingo akazipunguza kwa wembe. Kazi safi. Hakuuliza, maana swali moja kwa baba lilizaa hadithi ya saa nzima.

Dada yake aliporudi sokoni alisimama mlangoni, kikapu mkononi.

"Na mistari je?"

"Mistari gani?"

Akamweleza. Stesheni ilishabomolewa, wala picha yake haikuwapo. Kwa miezi mitano baba alikuwa akichora njia za reli kwa penseli kwenye ubao ule, mstari mmoja leo, mwingine wiki ijayo, kila kumbukumbu ilipomjia. Nyasi zilikuwa za kuzunguka reli, si za kuzifunika.

Wakajaribu kubandua pembe moja. Zulia likaja na ngozi ya plaiwudi, penseli na yote.

"Haraka imekula baraka zote," dada akasema. "Mimi simo. Kamwambie mwenyewe."

Siku mbili Chapuchapu alimpelekea baba chai, akamkata kucha, akameza maneno. Mzee alimshukuru kila mara, na shukrani zile zilimchoma kuliko matusi. Siku ya tatu mzee akaomba aongozwe sebuleni, aushike ubao wake tu.

Vidole vikatua kwenye nyasi. Vikaenda mpaka ukingoni, vikarudi.

"Hizi zimebandikwa."

"Nimezibandika mimi, baba. Ubao mzima. Mistari yako iko chini, na haitoki."

Mzee akaondoa mkono.

"Si ungeniuliza, mwanangu? Nilikuwa chumba cha pili tu."

Baba akamwambia alete karatasi, akae, aandike. Njia kuu ilipita nyuma ya tangi la maji. Ya pili iliachana nayo penye kibanda cha bendera, ikaenda ghalani. Chapuchapu aliandika polepole, neno kwa neno, asimkatize.

"Ya tatu," mzee akasema, kidole kikiwa hewani. "Ya tatu ilikuwa..."

Kidole kikashuka taratibu juu ya nyasi, kikatulia pale. Chapuchapu akangoja, kalamu mkononi. Baba naye alikuwa akingoja.