Stroberi zenye Mabega Meupe

Baba yangu akikwambia gari lake halijawahi kuendeshwa na mtu mwingine, anasema kweli, ila siku moja tu, na mkosaji wa siku hiyo ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, leseni yangu ina wiki mbili, nikaligonga geti la nyumbani mchana kweupe, tena geti lenyewe lilikuwa wazi. Mlango wa nyuma ukapata mkwaruzo wenye urefu wa mkono. Baba hakuupaka rangi. Aliuacha makusudi, na kila nilipoomba ufunguo alinionyesha mkwaruzo kwa kidole, basi, mazungumzo yameisha. Leo nina miaka thelathini na tisa, nina mabinti wawili, nina duka la kushona sare za shule lenye mafundi watatu, na kwa baba bado mimi ni yule aliyegonga geti.

Kwa hiyo kila mwaka stroberi zikiiva, anayeendesha ni yeye. Safari yetu haijabadilika tangu nikiwa mdogo. Tunatoka saa kumi na mbili asubuhi, tunapita kwanza bwawani kuangalia ndege na wanyama wanaokuja kunywa maji, halafu tunakwenda kwenye shamba la stroberi upande wa pili wa kilima, ambako unapewa kikapu unachuma mwenyewe. Baba aliendesha lori la maji la manispaa miaka thelathini na moja, na kila shimo la barabara ile alilijua kama ajuavyo meno yake. Mama kazi yake ilikuwa kulala. Gari halijamaliza mtaa wetu, kichwa kimeshaegemea kioo, mdomo wazi, na baba anatuambia tuongee polepole tusimwamshe mkewe. Huo ulikuwa utani wetu wa miaka yote.

Lakini kuanzia mwaka juzi mama aliacha kulala, akaanza kusema. Jamani, alisema. Lori mbele. Pikipiki kushoto, inatupita. Tuta hilo. Mwanamke na mtoto wanavuka, ngoja, ngoja, haya nenda. Mwendo wa saa nzima hapumui. Safari hii nilikaa nyuma na wanangu, mkubwa tunamwita Profesa kwa sababu ya daftari lake, mdogo tunamwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake, na kufika nusu ya njia kichwa kilikuwa kinanigonga. Nikamwambia mama afadhali alale kama zamani, kwani dereva ana macho yake. Mama hakugeuka. Baba naye, ambaye zamani abiria akimfundisha kazi alikuwa anasimamisha gari na kumwambia ashuke, aliitikia tu, ndiyo mama, nimeona mama. Nikajisemea uzee umempoza.

Mlango wa nyuma ulikuwa na mkwaruzo mpya, nyuma kidogo ya ule wangu. Niliuona tuliposhuka bwawani. Baba alisema ni mkokoteni wa muuza maji, na mimi, badala ya kufikiri, nilifurahi kwamba hatimaye nimepata mwenzangu.

Pale bwawani tuna mashindano. Kila mtu anahesabu korongo, halafu tunasema idadi kwa pamoja, na aliyekosea kuliko wote anabeba vikapu vya wenzake siku nzima. Baba hajawahi kubeba kikapu. Asubuhi hiyo ukungu ulishaondoka, swala wawili walikuwa wanakunywa maji ng'ambo ya bwawa, na korongo walisimama kwenye matope kwa mguu mmoja mmoja. Wazazi wangu walishikana mikono. Mama alikuwa anamnong'oneza baba sikioni, na baba anatabasamu. Watu wenye miaka arobaini na mbili ya ndoa, ambao nimewaona wakigombana kwa sababu ya chumvi. Profesa akanikonyeza, nami nikaona aibu tamu, nikawageuzia mgongo niwaachie nafasi.

Tulipotaja idadi sote tulisema kumi na mmoja. Baba akaongeza kwamba sisi hatujui kutazama, wapo kumi na wawili, yule mwingine yuko juu ya kichaka. Tukatazama. Juu ya kichaka palikuwa na mfuko mweupe wa plastiki unapepea. Chiriku akacheka mpaka akakaa chini, akamwambia babu yake kwamba ule ni mfuko. Baba akasema alikuwa anatupima. Mama alicheka kuliko sote, kicheko kirefu kisicho chake, na mimi nikacheka pia. Nilikuwa hamnazo, siwezi kujisifu.

Shambani ndiko nilikozinduka.

Kwa baba stroberi ina sheria moja. Tangu nikiwa na umri wa Chiriku alikuwa anapitia vikapu vyetu na kutoa kila tunda lenye mabega meupe, yaani lile ambalo karibu na kikonyo halijawa jekundu. Alituambia ndizi utaichuma mbichi na itaiva kabatini, lakini stroberi ukishaitoa kwenye mmea, hivyo ulivyoichuma ndivyo utakavyoila. Ukileta yenye mabega meupe ulirudishwa shambani peke yako. Nimelia kwa ajili ya stroberi mimi.

Basi mwenye shamba, mama mmoja mnene mwenye kofia ya majani, alikuwa anapima vikapu kwenye mzani mlangoni. Akapima changu, akapima cha wasichana. Alipofikia cha baba akasimama. Akachukua tunda, akaligeuza, akachukua la pili. Akamuuliza kama amewachumia mbuzi. Nikasogea nikatazama. Kikapu kizima kilikuwa cheupe na kijani, stroberi kubwa kubwa, ngumu, zimepangwa vizuri kwa mkono wa mtu mwenye bidii, na juu kabisa pamewekwa chache nyekundu ambazo niliona waziwazi ni za mama yangu. Baba akasema mwaka huu anataka za kupikia. Akasema kwa sauti kubwa, akiwa ameuelekeza uso kwenye mzani, wakati mwenye shamba alikuwa ameshahamia upande wa pili.

Mfuko wa plastiki, mkokoteni, mikono iliyoshikana, pikipiki kushoto, vyote vilinijia kwa pamoja. Nikawapa wasichana kikapu waende wakaoshe matunda, nikamshika mama mkono na kumvuta nyuma ya banda la makreti.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Hakujifanya haelewi. Alivua kilemba, akajifuta uso. Akasema mwaka wa pili sasa. Hospitali walisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba upasuaji wake ni mdogo. Baba aliposikia kwamba mpaka apone asiguse usukani, aliinuka akatoka, na hakurudi tena. Anaona vivuli, anaona gari kubwa, rangi haoni. Mengine anayaona mama.

"Na wanangu mkawapakia humo," nikasema.

"Ninaona mimi. Macho yangu mazima."

"Mama, wewe hata breki hujui iko wapi."

Damu ilinichemka, sitadanganya. Niliwawaza wanangu kwenye kiti cha nyuma, wakiimba, na lori linakuja, na uhai wao umening'inia kwenye ulimi wa mama yangu. Kama angepiga chafya je? Nilimwambia maneno ambayo binti hapaswi kumwambia mamaye. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akasema yeye ndiye anayeishi naye, si mimi. Alisema lori walilichukua siku ya kustaafu, marafiki amewazika, kilichobaki cha kumfanya avae viatu asubuhi ni ule ufunguo.

"Umwambie," akasema, "lakini usimvue nguo mbele ya wajukuu zake."

Nilimtazama mama yangu kwenye jua lile. Chini ya macho palikuwa peusi, midomo imekauka. Niliona mtu ambaye kwa miaka miwili, kila safari ya sokoni, kila ya mazishi, kila ya kunitembelea, hajafumba jicho garini. Nami nilikuwa nimemwambia afadhali alale.

Nilikwenda kwenye gari nikiwa bado na hasira, nimeshapanga la kusema, nalo lilikuwa refu. Baba alikuwa ametangulia. Alisimama kwenye mlango wa dereva akiwa amenipa mgongo. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kilikuwa kimewekwa juu ya tundu la kitasa, na kwa mkono wa kulia alikuwa anauteremsha ufunguo juu ya kidole hicho, taratibu, mpaka uguse. Ukateleza. Akaanza tena. Ukateleza. Alifanya kwa uvumilivu wa mtu aliyeshazoea, na mara ya tatu ukaingia. Yale maneno marefu yalinitoka kichwani yote.

"Baba," nikasema. "Naomba ufunguo."

Kidole chake kikaenda chenyewe kwenye mlango wa nyuma, kuutafuta mkwaruzo wangu. Lakini kiligusa ule mpya. Hakujua.

"Mama yako amekwambia," akasema.

"Stroberi zimeniambia."

Kisha akauliza zikoje. Nikamwambia mbichi tupu, baba, mabega mpaka kiunoni. Aliguna, ikawa kama kicheko, haikuwa. Akasema alizibonyeza zote moja moja, zilikuwa kubwa, akadhani kubwa ndiyo iliyoiva. Akasema barabara hii anaijua. Nikamwambia najua anaijua. Akasema hajawahi kumgonga mtu maishani mwake. Nikamwambia hilo pia najua. Tulisimama hapo, na ningeweza kumnyang'anya, mimi nina nguvu sasa kuliko yeye. Nilitaka anipe mwenyewe.

"Mama hajalala garini miaka miwili," nikasema.

Aliuchomoa ufunguo, akasimama ameinamisha kichwa, anaugeuza kiganjani. Nadhani alikuwa anazihesabu safari zote zile, na kila neno ambalo mama alilisema ndani yake. Watoto walikuwa wanakuja, Chiriku anasikika kabla hajaonekana. Baba akanyoosha mkono, akautafuta wangu, akauweka ufunguo ndani na kuvifunga vidole vyangu juu yake kimoja kimoja.

"Mwambie akae nyuma," akasema, "kwenye kioo."

Aliwatangazia wajukuu kwamba leo babu ni abiria, mguu unamsumbua. Profesa alinitazama mimi, akatazama kile kikapu cheupe, akafunga daftari lake. Mama akaingia nyuma. Nikawasha gari la baba yangu baada ya miaka kumi na saba, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeniambia lolote. Tulikuwa bado hatujafika lami, kichwa cha mama kilikuwa kwenye kioo.

Baada ya muda baba akauliza kwa sauti ya chini kama mama amelala.

"Amelala. Mdomo wazi."

Akaitikia kwa kichwa. Akatazama mbele, kwenye barabara asiyoiona, mikono juu ya magoti. Machozi yalimtoka wala hakuyafuta, labda alidhani na mimi siyaoni. Halafu akaniomba nimwambie kuna nini nje. Nikamwambia. Kushoto tumbili watatu juu ya ukuta, mmoja ana mtoto amemng'ang'ania tumboni. Kanga wanavuka, ngoja, haya wamevuka. Kulia bwawa, korongo sasa ni tisa, na mfuko bado upo. Hapo alicheka kweli. Nikaendelea hivyo hivyo mpaka sauti ikaanza kukwaruza, na nilikuwa nimefanya saa moja tu.

Tulipofika nyumbani kwao nikasimama mbele ya geti. Nilikuwa nimeanza kufungua mlango nishuke, baba akanishika bega. Akashuka yeye. Akapapasa ukuta mpaka akapata komeo, akalifungua geti lote, akalisukuma hadi mwisho, kisha akaliegemea kwa mgongo wake ili lisirudi hata kidogo.

"Pita," akasema. "Nimelishika."

Nikapita polepole sana. Mama hakuamka.