Kifuniko Chenye Doa Jekundu

Skurubu ilianguka, na fundi saa akajua kwa sikio tu: ti, sakafuni. Vidole vyake havikuwa na habari. Vilikuwa bado vimeshika kibano kitupu, akavisonya kama mtu anayewasonya wageni wavivu.

"Hiyo ya tatu, mzee," alisema mwenye saa, ameegemea dirisha la kibanda. "Nikuachie mpaka wiki ijayo?"

"Niachie."

Mteja alipoondoka, fundi alifunga kibanda. Miaka arobaini alikula kwa vidole vile, na sasa ganzi ilikuwa imefika kwenye viganja. Alipitia nyumbani akachukua chupa zake mbili za vitamini, akaenda nazo duka la dawa.

"Shikamoo, baba!" Muuza dawa alikuwa mwanamke mchangamfu, mkono wake ulishafika kwenye rafu. "Vya kwako na vya mama, kama kawaida?"

Miezi tisa alikuwa akijibu "kama kawaida." Mara ya kwanza msiba ulikuwa mbichi, akaitikia tu. Mara ya pili aliona haya kwamba hakusema ile ya kwanza. Basi chupa mbili zikaendelea kukaa mezani, ya mkewe ikiwa na kifuniko chenye doa jekundu la rangi ya kucha, alama aliyoitia mke mwenyewe ili wasichanganye. Kila chupa mpya, fundi alihamishia kifuniko kile. Asubuhi alimeza kidonge chake, kisha cha mkewe, na kwa kitambo hicho meza ilikuwa na watu wawili. Ganzi ilipoanza akaongeza cha tatu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu alificha kifo, na maradhi ndiyo yaliyomuumbua.

"Marahaba. Leo sinunui. Vidole vimekufa ganzi, na hivi havinisaidii."

"Unameza vingapi?"

"Kimoja." Akaisogeza mbele chupa ya pili. "Na cha mama. Na kingine, siku ganzi ikizidi."

Tabasamu likamwisha yule mwanamke. "Baba! Humu mna vitamini B6 nyingi. Ukiizidisha miezi yote hiyo, yenyewe ndiyo inayoweza kuleta ganzi. Usimeze tena hata kimoja. Kesho asubuhi nenda kwa daktari, na chupa hizi umwonyeshe. Vidole vinaweza kurudi, ila taratibu." Kisha akakunja uso. "Sasa wewe ukimeza cha mama, mama anameza nini?"

Fundi alishika ukingo wa kaunta. Hakuuhisi.

"Mama hayupo. Alifariki, miezi tisa sasa." Hakuwahi kuyasikia maneno hayo kwa sauti yake mwenyewe.

"Jamani, pole, baba. Na mimi kila mwezi nakupa salamu umfikishie!"

"Nilizifikisha," alisema. "Zote."

Kesho yake, alipotoka kwa daktari, alifungua kibanda. Akakiweka kile kifuniko mezani, kimelala chali, pale anapoweka skurubu zisipotee. Akafungua saa ya yule mteja polepole, jicho likifanya kazi ya vidole. Skurubu ya kwanza hakuihisi ilipomtoka. Aliisikia tu ikitua ndani ya kifuniko: ti.