Maji ya Bwawa

Darasa la jioni la Mwalimu Tofazzal, mjini Mymensingh, huwa limejaa watu wazima waliobanana chini ya feni moja, wakiimba Kiingereza kwa pamoja: neno, kisha maana yake ya Kibengali. Siku hiyo walifika kwenye "addled". Kitabu cha maandalizi ya mtihani kikasema: mwenye fikra pevu.

"Mwalimu, siyo," alisema Parul. "Ni ghola. Kichwa kimevurugika kama bwawa ng'ombe wakishakoga."

"Najua, mama. Lakini wanasahihisha kwa kitabu hikihiki. Wewe unataka maana au unataka kazi?"

Parul alitaka kazi. Alikuwa amechoka, jamani, amechoka hasa. Mwakani umri wa kuajiriwa serikalini ungempita, na baba yake alikuwa kitandani hana dawa. Akaimba na wenzake: fikra pevu. Maji ya matope yakaanza kumtoka sikioni, na visamaki viwili ndani yake. Jirani yake akasogeza begi lisilowe. Mwalimu akampa kopo.

Nyumbani mama yake aliyachuja yale maji, akavipaka visamaki haradali na manjano.

"Ungeimba kwa bidii kidogo," alisema, "tungekula wote."

Kwenye mtihani Parul alijaza fikra pevu. Msimamizi alipita na tambara, akapangusa meza yake na za wengine. Akafaulu.

Serikali ikampangia kazi ofisi ya posho za wajane. Kila meza ilikuwa na bakuli pembeni, na makarani, vichwa upande, waliongea kwa kupayuka kwa kuwa masikio yao yalijaa. Dawa ya baba ikanunuliwa.

Siku moja akaja bibi kizee, Shorbanu, anatafuna tambuu.

"Mwanangu, posho yangu imekatwa. Eti nimekufa!"

Parul akatazama kumbukumbu. Kweli, alikuwa amekufa tangu masika. Akamtazama na bibi mwenyewe, anahema, jasho linamtiririka. Roho ilimuuma. Alifungua mdomo aseme, maji yakampanda sikioni, ya baridi.

"Pole, bibi," alipayuka. "Umekufa."

"Ndivyo ilivyoandikwa?"

"Ndivyo."

"Haya basi." Bibi akajikongoja hadi kwenye benchi la ukutani. Marehemu wengine wakasogeleana, wakampa nafasi.