Asiyeweza Kazi Yoyote

Miezi miwili sasa Kisilu alikuwa akishinda mlangoni kwake, mikono ameikalia kana kwamba si yake. Kibanda chake cha kushona viatu, pale sokoni Kisaju, kilikuwa na kufuli, na aliyekifunga ni yeye mwenyewe.

Balaa lilianza ofisi ya ustawi wa jamii ya Kajiado ilipobadilisha masharti. Zamani ruzuku ilitolewa kwa kila mlemavu, na miguu yake iliyokauka kwa polio ilikuwa ushahidi wa kutosha. Mwaka huo wa 2006 wakatangaziwa kwamba atakayepewa ni asiyeweza kazi yoyote tu. Ruzuku ndiyo iliyomweka bintiye Kathini shuleni; viatu vilileta unga tu. Kisilu akawaza mpaka kichwa kikamuuma, kisha akafunga kibanda. Soko zima likakiona cha mtema kuni. Watoto wakaenda shule soli zimefungwa kwa kamba, na wenye nauli wakawa wanasafiri mpaka Kitengela kushonewa kiatu kimoja.

Waris, ofisa kijana wa kike wa ukaguzi, alifika asubuhi kwa gari la serikali. Hiyo ilikuwa mara ya tatu kwa ajili ya mtu huyo mmoja, na dereva hakuficha kwamba mafuta ya safari hizo yangemsomesha Kathini muhula mzima. Mvua ilikuwa imenyesha. Udongo mweusi ulimbandua Waris soli nzima kabla hajafika mlangoni.

"Baba, unafanya kazi?"

"Sifanyi."

"Huwezi, ama umeacha?"

Kisilu aliyapima majibu hayo mawili. Akisema hawezi, Kathini anasoma. Akisema ameacha, anarudishwa nyumbani. Lakini ni sheria gani hii inayomtaka mtu ajilemaze mara ya pili? Aliona haya, akaona na hasira, asijue hata amkasirikie nani. Binti huyu ametumwa tu, na soksi yake imelowa chepechepe.

"Lete hicho kiatu," akasema.

"Mzee, nikikuona ukishona itabidi niandike."

"Najua. Lete."

Sindano ilikuwa mfukoni. Siku zote hizo hakuwahi kuitoa. Akashona bila haraka, mshono baada ya mshono, huku Waris amesimama kwa mguu mmoja, ameshika ukuta, fomu iko kwapani.

"Sasa niandike nini, baba?"

Kisilu akakata uzi kwa meno, akamsogezea kiatu.

"Jaribu kutembea kwanza."