Vitambaa vya Moshi

Kuni mbichi za mlingoti, yaani mkaratusi, hazina huruma na mtu. Ikupa alizipuliza mpaka kichwa kikamzunguka, moshi ukapanda, ukagonga dari, ukarudi chini kumtafuta yeye. Upande wa pili, nyuma ya ukuta wa matete usiofika juu, mtoto Alinanuswe alikohoa. Ikupa akaacha kupuliza, akasikiliza.

"Ameamka?" aliuliza mama mkwe wake, Atuganile, aliyekuwa akinyonyoa kuku pale mlangoni.

"Amelala, mama. Ila kifua kinapiga filimbi."

Alinanuswe alikuwa na miaka miwili na nusu, na tangu masika alikuwa ameshaugua kichomi mara mbili. Kaka yake, Gideoni, hakufika hata mwaka. Kifua kilimchukua akiwa na miezi minane. Muuguzi wa zahanati alimwambia Ikupa wazi, bila kumung'unya maneno: "Mtoe huyu kwenye moshi, mama. Sindano zangu haziwezi kushindana na jiko lako." Maneno mazuri hayo. Lakini umtoe umpeleke wapi? Mwezi wa sita katika milima ya Mbeya umande huganda kwenye majani ya viazi, na mtoto wa kifua ukimlaza nje umemwua kwa mkono wako.

Zamani haikuwa hivyo. Kule kwao kwa zamani, migombani, jiko lilikuwa kibanda cha peke yake, na moshi ulijiendea zake. Kisha ikaja operesheni ya vijiji, watu wakahamishiwa kando ya barabara, nyumba arobaini kwa mistari, vyumba viwili kwa kila familia. Majiko, wakaambiwa, yatajengwa baadaye. Hiyo baadaye ilikuwa inakwenda mwaka wa pili sasa. Watu walipika ndani, na nyumba zilivyobanana, moshi wa kwa Severina ukipungua, wa kwa Regina unaingia.

Ndiyo maana Ikupa alipochaguliwa kwenda semina ya siku tatu Uyole, hakuuliza posho wala nini. Huko wakafundishwa kwamba moshi unapimika. Unatundika kipande cha kitambaa cha marekani, nyeupe, jikoni, hatua mbili kutoka kwenye mafiga, unakiacha siku saba. Kisha unakilinganisha na kadi yenye rangi tano: namba moja ni nyeupe, namba tano ni nyeusi tititi. Kingine unakitundika nje kwenye nguzo, kupima hewa ya kijiji. Mabomba ya kutolea moshi hayakuwatosha wote, kwa hiyo kijiji chenye namba nne na tano ndicho kitakachopewa kwanza, pamoja na matofali ya kujengea meko. Ikupa aliporudi kijijini kwao Ilembwe hakulala. Aliingia nyumba moja moja na vitambaa vyake, akawaeleza wanawake wenzake mpaka sauti ikakauka.

"Msikifue. Mnanisikia jamani? Hata kikiwa cheusi namna gani, msikifue. Huo weusi ndio utakaotuletea mabomba."

"Tumesikia, mwalimu," walisema, wakacheka kwa kumwita mwalimu.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya saba. Ikupa alitazama kitambaa chake ukutani. Kilikuwa kimeiva: namba tano kamili, na pembeni kimeanza kunata masizi. Moyo wake ulifurahi, kama mtu anaweza kufurahia jambo la namna hiyo. Akamwacha mama mkwe na sufuria ya wali. Mchele ule mumewe, Saulo, aliutuma kutoka Ubaruku alikokuwa kibarua wa mpunga, nao ulikuwa umewekwa kwa ajili ya wageni. Yeye akafunga kanga, akaenda barabarani kuwapokea.

Lori lilifika saa nne. Nyuma lilibeba mabomba ya bati, marefu, mapya, yanang'aa, yamefungwa kwa kamba. Watoto walilizunguka wakiyagonga kwa vijiti yalie. Akashuka Bwana Kalinga, afisa afya, mtu wa Iringa, mwenye koti la sufu na fomu zake ndani ya jalada. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Andendekisye, alimshika mkono kwa mikono miwili.

"Ndaga fijo, asante sana, ndugu! Karibuni sana. Ilembwe tuko tayari."

"Asante, Mwenyekiti. Tuharakishe kidogo, bado vijiji viwili."

Wakaanzia kwa Severina. Ikupa alitangulia kuingia, na macho yake yalipozoea giza, akakitafuta kitambaa ukutani. Kitambaa kilikuwa cheupe. Kilikuwa cheupe na kimenyooshwa, kimetundikwa kwa msumari mpya.

"Severina! Umefanya nini?"

Severina aliinamisha kichwa, akanong'ona: "Dada, jana nilikitazama nikaona haya. Mgeni mkubwa aingie kwangu akute tambara jeusi ukutani? Nikasema, si wenzangu wako wengi? Changu kimoja hakitaharibu kitu."

Namba moja, akaandika Bwana Kalinga.

Kwa Regina, namba moja. Kwa Leokadia pia moja, na huyo alikuwa amekidarizi ua pembeni. Nyumba ya nane, ya kumi na tano, ya thelathini, mambo yalikuwa yale yale. Hakuna aliyeambiwa na mwenzake. Kila mwanamke alikuwa amefua chake kwa siri, kila mmoja akiamini kwamba wale wengine thelathini na tisa watabaki na vyeusi vyao, na mabomba yatakuja tu. Na ungewalaumu kwa lipi? Mwanamke wa kwetu, mgeni akibisha hodi, hata kama ana kidonda hukifunika kwanza ndipo amkaribishe. Ndivyo tulivyolelewa, nani asiyejua?

Ikupa alikuwa akitembea nyuma yao. Bado changu, alijiambia. Changu nimekiona leo asubuhi kwa macho yangu.

Walipopita penye ofisi ya kijiji akamwonyesha kitambaa cha nguzoni. Hicho hakikuwa cha mke wa mtu, hakuna aliyekionea haya, kwa hiyo hakuna aliyekigusa. Kilikuwa namba nne.

"Bwana Kalinga, tazama. Hewa ya nje ni nne. Sasa inawezekanaje ndani ya nyumba moshi unakotoka iwe moja?"

Bwana Kalinga alikitazama kwa muda. "Hili litakuwa vumbi la magari."

"Vumbi ni jekundu, ndugu. Hiki ni cheusi."

"Mama, ya nje yana fomu yake, na fomu hiyo sikuja nayo."

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Ikupa. Aliingia mbio mbele yao. Mama mkwe wake alikuwa amesimama kando ya ukuta, amevaa kitenge chake cha kanisani, uso umekunjuka kwa ukarimu. Kitambaa kilikuwa kinadondosha maji. Tone lilianguka sakafuni, likafuata jingine.

Ikupa akamgeukia Atuganile, lakini wageni walishaingia.

Bwana Kalinga alisogea, akakigusa. Alivitazama vidole vyake vilivyoloa, akavipangusa kwenye suruali. Kisha akafungua jalada.

"Unaona mwenyewe kimeloa," alisema Ikupa. "Kimefuliwa sasa hivi. Usiandike, ndugu yangu."

"Mimi naandika rangi ninayoiona."

"Basi tazama dari! Tazama masizi yanavyoning'inia!"

"Dari haimo kwenye fomu."

"Basi kaa. Niwashe moto uzidi, ukae robo saa tu, ujionee."

Mle ndani wali ulikuwa bado motoni na macho ya bwana mkubwa yalishaanza kutoka machozi. Alikuwa anarudi nyuma taratibu kuelekea mlangoni. Nyuma ya matete mtoto akakohoa, kikohozi kirefu, cha kukwangua, kilichoishia kwa mluzi.

"Huyo ni wako?" aliuliza Bwana Kalinga.

"Ni wangu. Nilishazika mmoja."

Ilikuwa kana kwamba Bwana Kalinga atasema neno. Alishika kalamu hewani, akatazama lori lake nje. Mzee Andendekisye akamvuta Ikupa kwa kiwiko, akamnong'oneza, "Funika kombe mwanaharamu apite, mwanangu. Kijiji chetu kinaelekea kusifiwa, usitutie aibu."

"Mpeleke hospitali," alisema Bwana Kalinga, akaandika moja.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Haya, mgeni alikuja, akalishwa wali na kuku uwanjani, kwenye hewa safi, chakula kilichopikwa asubuhi nzima ndani ya vyumba vile. Alipomaliza kunawa alisimama akatangaza kwamba Ilembwe ni kijiji cha mfano. Wastani wake ulikuwa namba moja, haijapata kutokea tarafa nzima. Wataletewa barua ya pongezi. Vijiji vingine vitaletwa hapa kujifunza, na mwalimu wao atakuwa Ndugu Ikupa. Wanaume wakapiga makofi. Wanawake walipiga vigelegele vichache, vikafa, kwa maana wakati ule walikuwa wameanza kutazamana usoni na kuelewa.

"Na mabomba?" alidakia Severina.

"Mabomba ni ya wenye moshi, mama."

Dereva akapiga honi. Lori likashika njia ya mlimani na mzigo wake wote, bati zikigongana kila lilipopita kwenye shimo, na watoto wakalikimbilia mpaka darajani.

Ikupa alirudi ndani mikono mitupu. Njia nzima alikuwa amepanga maneno ya kumwambia Atuganile, maneno makali ambayo mkwe hamwambii mama mkwe wake, na alikuwa tayari kulipa faini ya ukoo kwa kuyasema. Alimkuta amepiga magoti mbele ya mafiga, uji wa mtoto uko motoni, kile kitenge cha kanisani kimeshaingia majivu. Mgongo wa bibi ulikuwa mdogo.

Ikupa alimchukua Alinanuswe, akamfunga mgongoni, akasimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Mbavu za mtoto zilikuwa zikipanda na kushuka upesi upesi dhidi ya mgongo wake.

"Nilikuwa nakusitiri, mwanangu," Atuganile alisema bila kugeuka. "Wewe ulikuwa hupo. Mgeni angeingia, angeona nini?"

"Angeona tunavyokaa, mama."

Uji ulikuwa haujachemka, kwa hiyo bibi aliinama tena akapuliza moto.