Diski ya Dada

Shemeji yangu aliingia karakanani kwangu saa nne asubuhi, diski ya kompyuta ameificha ndani ya shati. Mimi ni fundi wa kompyuta, nimezoea watu kuniletea vyombo vyao wakitetemeka, lakini huyu alifunga na mlango.

"Shemeji, nimelikoroga," alisema.

Alikuwa amelikoroga kweli. Dada yangu ni fundi cherehani, na diski ile ndiyo ofisi yake: michoro ya mikato na vipimo vya wateja mia mbili na arobaini, kazi ya miaka tisa. Mumewe alitaka nafasi ya kuweka mechi za mpira, akafuta folda aliyodhani ni takataka za zamani. Angeniletea papo hapo, tungemaliza kwa nusu saa. Lakini shemeji ana akili zake. Aliogopa mkewe ataona diski imebaki tupu, kwa hiyo akaijaza mechi kumi na nne ili ionekane imeshiba kama jana.

"Faili likifutwa haliondoki," nilimwambia, nimechukia hasa. "Linakaa palepale mpaka uweke kingine juu yake. Wewe umemkalisha golikipa juu ya gauni la mteja."

"Dada yako anarudi saa kumi," alijibu kwa unyonge.

Nikawasha programu ya kufufua mafaili, tukakaa bega kwa bega. Yalirudi bila majina, namba tupu, ikabidi tufungue moja moja kuyatambua. Sketi. Suruali. Kola. Kila mkono wa blauzi uliporudi, shemeji alishusha pumzi.

Kisha likafunguka faili ambalo sikulitarajia kabisa: shemeji mwenyewe, maikrofoni mkononi, akihutubia harusi ya binamu yake.

Uso uliniwaka. Hotuba ile ya dakika arobaini na saba ilikuwa mateso ya nyumba nzima. Hakuna mgeni aliyepewa chai kabla ya kuitazama. Miaka miwili iliyopita dada aliifuta, akaniita mimi, mtaalamu, nithibitishe kwamba imeliwa na virusi. Nilithibitisha bila kupepesa macho.

Nikakimbilia kipanya. Shemeji akanishika mkono.

"Virusi gani hao wanaochagua faili moja tu?" aliuliza taratibu. "Nilijua siku ileile."

"Na ukanyamaza?"

"Dada yako alinionea huruma. Mwezi mzima hakunigombeza hata mara moja. Tangu tuoane sijapata mwezi kama ule."

Nilicheka kwa aibu. Yeye akaifuta hotuba kwa kidole chake mwenyewe, tukaendelea na sketi.

Tulifufua michoro mia mbili na thelathini na moja. Tisa iliangamia chini ya mechi iliyoisha sare bila bao. Tulikuwa bado tunaihesabu dada alipoingia bila hodi. Hakuwa amemkuta mumewe nyumbani, wala diski. Akatazama skrini, akaona namba mahali palipokuwa na majina ya wateja wake.

"Nani amegusa kazi yangu?"

Shemeji angeweza kusema ni virusi, na mimi nisingekuwa na uso wa kumpinga.

"Ni mimi," alisema. "Niliifuta kwa uzembe wangu. Tisa haitarudi. Nitazunguka na tepu kwa wateja wote tisa, niwaombe radhi na vipimo."

Dada akaketi. Nilimwona hasira inampanda, halafu inakwama njiani. Alinitazama mimi, akamtazama mumewe, akakohoa.

"Baba watoto," alianza kwa sauti ndogo, "ile hotuba yako..."

"Ililiwa na virusi," shemeji alimkatiza upesi. "Fundi alithibitisha."

Halafu akainamisha kichwa kwa majonzi, akasubiri kubembelezwa.