Sauti Iliyopanda Newala

Madam Sikudhani alikuwa katikati ya neno "sampuli" sauti yake ilipoondoka. Ilikuwa Jumanne asubuhi, kipindi cha takwimu za elimu kwa mwaka wa kwanza, ukumbi umejaa hadi wengine wamekalia madirisha. Mkononi alikuwa na konzi ya korosho ghafi. Alikuwa akiwaeleza kwamba mpima ubora ghalani huchomoa chache tu kutoka kwenye gunia, akazihukumu zilizobaki kwa hizo, na kwamba utafiti nao huenda hivyo hivyo. Alisema "sampu," na "li" haikutoka. Midomo iliendelea kwenda. Petro, kiongozi wa darasa, mtu mzima aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kurudi masomoni, aliinuka akafunga madirisha ya upande wa barabara akidhani ni kelele za bodaboda. Alipoona si hivyo, alikaa. Sikudhani akachukua chaki, akaandika "li" ubaoni, na kipindi kikamalizika kwa maandishi.

Wakati wa chai sauti ilirudi. Ilimkuta mlangoni pa ofisi, akamsalimia mzee wa bustani shikamoo kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

"Marahaba," alisema mzee. "Leo umeamka vizuri."

Baada ya chai sauti ikaondoka tena.

Alikwenda kwenye zahanati ya mtu binafsi pale Mkomaindo, Masasi mjini. Daktari alimmulika koo kwa tochi, akasema ni koo zuri, asingeona haya kuwaonyesha wanafunzi wake koo la namna ile. Alihisi ni salfa, kwa kuwa msimu wa kupuliza mikorosho ulikuwa umeanza na vumbi lake lilikuwa limetanda wilaya nzima.

"Salfa napuliza mimi," alisema Alfani, mume wake, aliyekuwa na shamba Chiungutwa na kurudi nyumbani kila jioni na kope za njano. "Na sauti ninayo."

Ndipo Sikudhani akaanza kushuku. Alishuku maji ya bomba, akaanza kuyachemsha mara mbili. Alishuku chaki, akanunua za kwake. Alimshuku jirani aliyekuwa akichoma udi kila asubuhi upepo ukielekea kwake. Wiki zilivyopita aliona jambo jingine ambalo halikumpendeza: sauti haikupotea ovyo. Iliondoka asubuhi baada ya watu kuingia kazini, ikarudi wakati wa chai, ikaondoka, ikarudi wakati wa chakula cha mchana, na jioni ilikuwa yake mpaka kesho. Ijumaa ilimaliza mapema. Siku ya Maulidi haikuondoka kabisa.

"Ugonjwa huu umeajiriwa," alisema Alfani. "Hata sikukuu unapumzika."

Mama yake Alfani, Bi Sijaona, alikuwa akipeta mchele uani na alikuwa akisikiliza.

"Mama Shamsia," alimwita mkwewe kwa jina la mjukuu wake. "Huko kazini chai anakuwekea nani?"

"Happiness, mama. Tunakaa ofisi moja."

"Anakupa kwa mkono gani?"

Sikudhani alifikiri. Hakuwahi kujiuliza. Akilini alimwona Happiness akisimama kando ya meza, kikombe kikija, na mkono uliokishika.

"Wa kushoto."

Bi Sijaona aliguna. Alipuliza makapi, akaendelea kupeta.

Happiness alitoka Mnyambe, kule juu Newala, na yeye na Sikudhani waliajiriwa mwaka mmoja. Waliposafiri kusimamia mazoezi ya kufundisha walilala chumba kimoja. Shamsia alipozaliwa, Happiness ndiye aliyemshikia Sikudhani vipindi vyake vyote bila kuombwa. Lakini wote wawili walikuwa wanangojea nafasi moja ya masomo ya uzamivu, na tangu siku ile Sikudhani hakuona kingine isipokuwa ule mkono. Alianza kupokea chai kwa tabasamu na kuimwaga dirishani Happiness akitoka. Majani ya chini ya dirisha yalikuwa na rangi nzuri. Asubuhi moja Happiness aliingia na kikombe kimoja tu, cha kwake, akakaa akanywa akiangalia ukutani. Sikudhani alilichukua hilo nalo kuwa ushahidi.

Muhula ulipokaribia kwisha, chuo kiliagiza wahadhiri wote wasio na cheti cha umahiri wa kufundisha wapande Newala kwa mafunzo ya wiki moja. Mkufunzi mkuu alikuwa Dokta Ashiru.

Sikudhani alimfahamu. Alipoanza kazi, Dokta Ashiru ndiye aliyepangiwa kuwa mlezi wake, kama ilivyo desturi kwa mhadhiri mpya kupewa mkongwe wa kumwelekeza. Muhula mzima alikaa kiti cha nyuma darasani kwake, hana kalamu wala karatasi, macho nusu yamefumba, wanafunzi wakidhani amelala. Hakumpa Sikudhani ushauri hata mmoja. Mwisho wa muhula alisema, "Unafundisha vizuri, Madam," akaondoka. Baadaye wakasikia amepanda cheo, na kwamba sasa anafundisha wahadhiri wa vyuo mbalimbali namna ya kufundisha, Jumatatu hadi Ijumaa.

Walipanda na basi dogo. Sikudhani alikaa mbele, Happiness nyuma kabisa, na viti vya katikati vikajaa watu ambao hawakuwa na ugomvi. Newala kulikuwa na baridi na upepo wa ukingoni mwa mwinuko, washiriki wakakaa ukumbini na masweta. Mlangoni Dokta Ashiru aliwapokea mmoja mmoja.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba Madam Sikudhani. Karibu sana, karibu juu."

Sauti yake ilikuwa ile ile aliyoikumbuka, nzito, yenye mkwaruzo kama meza inayoburutwa. Kisha alipanda jukwaani, akashika kipaza sauti, akasema, "Haya jamani, tumekaa sawa?" kwa sauti ya Sikudhani.

Haikuwa inafanana nayo. Ilikuwa yenyewe. Sikudhani aliitambua kama mtu anavyoitambua kanga yake kwenye kamba ya jirani. Dokta Ashiru alikuwa mtu wa Kilosa, lakini alipoanza kuharakisha, "gunia" likawa "kunia," kama lisemwavyo na Wamakua, kama Sikudhani mwenyewe alivyolisema tangu utotoni na kukatazwa na walimu bila mafanikio.

"Tuchukue kunia moja la korosho," kilisema kinywa cha Dokta Ashiru, na mkono wake ukainua konzi.

Washiriki waliandika. Akaendelea na somo la viti. Alieleza kwamba katika darasa kubwa lisilo na vifaa, mwalimu aulize swali, na kila aliyeelewa aondoke kwenye kiti chake akakae karibu na asiyeelewa, mpaka ukumbi wote uwe umehama. Sikudhani aliligundua hilo mwaka wake wa kwanza, siku umeme ulipokatika na watu wa nyuma hawakumsikia. Kwenye ukuta picha ya projekta ilisomeka: Mbinu ya Ashiru.

"Ana sauti ya kike," alinong'ona Mujibu, mhadhiri wa chuo kingine aliyekaa kando yake. "Lakini anaeleweka."

Sikudhani alitaka kumjibu, na hakuwa na cha kumjibia. Aligeuka. Katika ukumbi mzima, mtu mmoja tu hakuwa anamtazama Dokta. Happiness, kutoka safu ya mwisho, alikuwa anamtazama yeye.

Ulipofika wakati wa maswali alinyoosha mkono. Dokta Ashiru alimpelekea kipaza sauti mwenyewe, kwa heshima, akafumba kinywa ili asikilize. Sauti ikamrudia Sikudhani kooni, bado ina joto la mtu mwingine.

"Dokta," alisema, "hiyo sauti ni yangu. Na somo ni langu. Ulikaa nyuma ya darasa langu muhula mzima, na mimi sasa siwezi kufundisha kwa sababu wewe..."

"Ahsante sana, Madam," alisema Dokta Ashiru, na kwa kuwa alisema kwa sauti ile ile, ya Sikudhani ilikatika hapo hapo. "Washiriki, mmeona? Huyu ameguswa na mada. Mpigieni makofi."

Walimpigia makofi. Mujibu alimpa mkono.

Wakati wa chai Dokta Ashiru alimfuata mwenyewe, na sambusa kwenye kisahani. Nje ya jukwaa sauti yake ya meza ilikuwa imerudi.

"Sikukuibia," alisema taratibu. "Sijui hata ilivyokuja. Nilianza kufundisha yale niliyoyasikia kwako, na siku moja ikatoka. Nilijaribu kuyafundisha kwa sauti yangu, watu wakasinzia."

"Basi waambie ni ya nani."

"Halafu mimi nifundishe nini, Madam?"

Alimngojea ajibu. Aliuliza kwa dhati, kama mtu anayeuliza njia. Kengele ya kurudi ukumbini ikalia, akamwachia sambusa.

Sikudhani alibaki kwenye baraza. Happiness alikuja akasimama pembeni yake, kikombe mkononi, mkono wa kushoto. Alikunywa nusu kabla ya kusema.

"Mimi alinilea muhula uliotangulia wako. Hakukaa darasani. Alikuwa anakuja ofisini kunitazama nikiandika makala zangu." Aliinua mkono wa kulia kidogo, ukashuka wenyewe. "Akiwa anaandika, huu hauna nguvu kabisa, na hata akiacha siuamini na kikombe. Ukiona makala yake mpya imetoka, jua wiki ile nilikuwa navaa gauni lisilo na vifungo."

Sikudhani aliutazama ule mkono. Aliyakumbuka majani ya chini ya dirisha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unamwaga chai yangu, Madam."

Sauti ikaanza kutoka ukumbini, ikieleza jambo kwa upole. Sikudhani alikipokea kikombe kutoka mkono wa kushoto, akanywa kilichobaki, kikiwa kimeshapoa. Hakupata namna nyingine ya kumwomba radhi, na Happiness hakudai nyingine.

Waliporudi Masasi walikwenda pamoja kwa Dokta Severina, naibu mkuu wa chuo upande wa taaluma. Walichagua saa ya chakula cha mchana ili Sikudhani aweze kusema. Dokta Severina aliwasikiliza bila kuwakatiza na bila kushangaa. Alimwuliza Happiness kama mkono unamuuma, akaambiwa hapana. Alimwuliza Sikudhani kama sauti ikirudi inarudi yote, akaambiwa ndiyo.

"Kwa hiyo tatizo ni ratiba," alisema.

"Tatizo ni wizi, Dokta."

"Ratiba naiweza," alisema Dokta Severina. Kisha alishusha sauti. "Mabinti zangu, mimi kabla ya hapa nilikuwa na kumbukumbu nzuri sana ya sura za watu. Aliyenilea mimi sasa hivi ni mtu mkubwa, na nasikia hasahau mtu. Nyinyi naomba mnikumbushe majina yenu mkitoka."

Walimkumbusha, wakatoka.

Vipindi vya Sikudhani vilihamishiwa Jumamosi, Dokta Ashiru akiwa mapumzikoni. Happiness alipewa usahihishaji wa mitihani siku ambazo Dokta alikuwa safarini na haandiki. Mambo yakaenda. Kwenye tathmini ya mwaka, Sikudhani aliambiwa somo lake liko vizuri ila hasikiki siku za kazi, na ikapendekezwa apelekwe tena mafunzoni Newala. Nafasi ya uzamivu alipewa mtu wa idara nyingine. Wanafunzi walizoea. Siku za kati ya wiki, wenye swali walikuja saa ya chai, wakapanga foleni wakiwa wameshalitunga vizuri.

Ila Sikudhani hakuwa yule wa zamani. Alitunga masomo mapya na kuyafundisha kwa sauti ya chini, akitembea katikati ya safu. Akiona mtu amekaa nyuma bila kalamu, alimsimamisha na kumwuliza amekuja kufanya nini. Siku moja alimwuliza hata Petro, ambaye kalamu yake ilikuwa imeisha wino, na Petro akahama kwenda mbele, akawa anakaa mbele tangu hapo. Mhadhiri mpya, Twahiru, alipoomba aje kujifunza kwake, Sikudhani alimwambia darasa limejaa. Twahiru alionekana mtu mwema. Jioni ile Sikudhani hakula vizuri, akiwaza kwamba huenda kweli alikuwa mtu mwema.

Mwaka uliofuata Dokta Ashiru alikuwa profesa. Redio ya pale mjini ikamwalika azungumze na wasikilizaji juu ya ualimu wa vyuo vikuu, kipindi cha jioni, jambo ambalo ratiba ya Dokta Severina haikuwa imelifikiria. Sikudhani alikuwa jikoni akikuna nazi alipoanza kumwambia Bi Sijaona kitu, sauti ikakatika. Alfani alikuwa sebuleni. Akaiongeza redio sauti, kwa kuwa alitaka kumsikia mke wake.

"Anasema vizuri," alisema Bi Sijaona.

"Anasema vizuri sana," alisema Alfani.

Shamsia, aliyekuwa na miaka sita, aliingia jikoni na kandambili mkononi.

"Mama, naomba niende kwa kina Shamila kucheza."

Giza lilikuwa linaingia na adhana ilikuwa karibu. Sikudhani alitikisa kichwa, akaelekeza kifuu cha nazi kwenye mlango kuonyesha kiza. Lakini Shamsia alikuwa ameshageuza uso kuelekea sebuleni, ambako mtangazaji alikuwa anamwomba profesa ruhusa ya kwenda kwenye matangazo.

"Haya, nenda," ilisema sauti ya mama yake. "Ila usichelewe kurudi."

"Sawa, mama," alisema Shamsia, akavaa kandambili, akatoka.